Jiwe la Ufunguzi Halitengenezi Pampu

Karibu na tangi la maji la kijiji, mara nyingi utakuta jiwe la ufunguzi. Limechongwa jina la mgeni rasmi, cheo chake, tarehe aliyokata utepe na, kama kulikuwa na mfadhili, nembo yake. Jiwe halisemi pampu ikikata ataitwa fundi gani, anaishi wapi, na nani atamlipa. Siku ya sherehe hakuna anayeuliza hayo, maana maji yanatiririka na akina mama wanapiga vigelegele. Swali huja baada ya miaka miwili mitatu, asubuhi koki inapofunguliwa ikatoa upepo.

Makala haya yanahusu swali hilo: mfumo mdogo wa maji kijijini, ukishajengwa, usaidiwe na nani, kwa njia gani, na hadi lini? Nitasimama zaidi Tanzania Bara, nikichungulia Uganda na Kenya, kwa sababu nchi hizi tatu zimejaribu majibu yanayofanana na zikapata matokeo yasiyolingana. Kwa miaka hamsini tumebishana kama mradi wa maji ni mali ya serikali au ya wanakijiji. Ubishi huo umelificha jambo jingine, nalo ni ukubwa. Kijiji kimoja ni kidogo mno kumweka fundi, mhasibu na ghala la spea. Taifa nalo ni kubwa mno kuisikia koki moja inayovuja. Msaada unaodumu ni ule unaokaa katikati: unabeba skimu nyingi kwa pamoja, na una ratiba ya kurudi.

Majibu matatu

Jibu la kwanza lilikuwa la serikali. Mwaka 1971 Tanzania ilianzisha programu ya miaka 20 ya maji vijijini, yenye lengo kwamba ifikapo mwaka 1991 kila mwananchi apate maji safi umbali usiozidi mita 400 kutoka kwake. Maji yalikuwa bure, na matengenezo yalikuwa kazi ya Idara ya Maji. Wafadhili wakagawana mikoa: Wafini wakaenda Mtwara na Lindi, Waholanzi Shinyanga na baadaye Morogoro, Waswidi kanda ya Ziwa. Kila mmoja alikuja na michoro yake na pampu anayoijua, na spea ya mkoa mmoja haikufaa mkoa wa pili.

Mpango huo ulijengwa juu ya gari la mkoa. Kisima kikiharibika, taarifa inapanda hadi makao makuu ya mkoa, gari linashuka na fundi. Bei ya mafuta ilipopanda katika miaka ya 1970, kisha Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikaiacha nchi bila fedha za kigeni, gari liliegeshwa. Mwanakijiji hakuwa na spana, hakuwa na fedha ya matengenezo, na hakuwa na sababu ya kujisumbua: pampu ilikuwa ya serikali.

Jibu la pili likageuza yote. Sera ya Maji ya mwaka 1991 ilianza kufunga mlango wa maji ya bure, na Sera ya Maji ya mwaka 2002 ikaweka wazi kwamba watumiaji ndio wamiliki, ndio waendeshaji, na ndio wa kulipia uendeshaji. Mradi wa HESAWA uliofadhiliwa na Sweden katika mikoa ya Kagera, Mwanza na Mara kuanzia 1985 hadi 2002 ulikuwa shule moja ya fikra hiyo: kijiji kishiriki, kichangie, kiwe na kamati. Hata vyuma vilibuniwa upya kwa ajili ya wanakijiji. Pampu ya mkono ya Afridev, iliyofanyiwa majaribio Kwale katika pwani ya Kenya miaka ya 1980, ilitengenezwa ili ifunguliwe kwa spana moja, na mwanamke aliyefundishwa siku chache aweze kubadilisha mpira wa pampu bila kumsubiri mtu wa mjini.

Mwaka 2007 ilikuja Programu ya Maendeleo ya Sekta ya Maji, na kila halmashauri ikapangiwa vijiji kumi vya kuanzia. Sheria ya mwaka 2009 ikazipa jumuiya za watumiaji maji hadhi ya kisheria, zikaweza kufungua akaunti na kumiliki mitambo. Mwaka huohuo taarifa ya shirika la WaterAid ilionyesha kwamba ni asilimia 54 tu ya vituo vya umma vya kuchotea maji vijijini vilivyokuwa vinatoa maji. Kibaya zaidi, robo ya vituo vyenye umri wa miaka miwili vilikuwa vimekwisha kufa. Mfumo unaokufa ukiwa na miaka miwili haujazeeka. Umekosa mlezi.

Jibu la tatu ndilo tunaloishi nalo sasa. Sheria Namba 5 ya mwaka 2019 ilianzisha Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, ulioanza kazi Julai mosi mwaka huo. Wahandisi wa maji waliokuwa chini ya halmashauri wakahamia kwenye wakala, wenye meneja wa mkoa na meneja wa wilaya. Kijijini pakabaki Chombo cha Watoa Huduma ya Maji Ngazi ya Jamii, ambacho kila mtu anakiita kwa herufi za jina lake la Kiingereza, CBWSO. Serikali haikurudi kuwa mwenye pampu, wala kijiji hakikuachwa peke yake kama zamani. Angalau ndivyo sheria inavyokusudia.

Hesabu ya ndoo

Ili kuelewa kwa nini jibu la pili lilishindwa, tuweke pembeni maneno ya ushirikishwaji tupige hesabu. Tuchukue kijiji cha kubuni chenye watu 2,000. Kwa kiwango cha Sera ya 2002, kila mtu apate lita 25 kwa siku na kila kituo kihudumie watu 250. Kijiji chetu kitahitaji vilula vinane na lita 50,000 kwa siku, yaani ndoo 2,500 za lita ishirini. Ndoo ikiuzwa shilingi 50, makusanyo ni shilingi 125,000 kwa siku, karibu milioni tatu na laki saba u nusu kwa mwezi. Kwa karatasi, kijiji hiki kimejitosheleza.

Sasa ije masika. Mabati yanajaza mapipa, mto unafurika, na kisima cha asili kilichokauka tangu Septemba kinarudi. Mama mwenye watoto watano haoni sababu ya kulipia kitu kinachodondoka kutoka angani. Hata kiangazi wapo wanaonunua ndoo mbili za kunywa na kupikia, za kufulia wakazifuata mtoni. Tukisema kijiji chetu kinauza theluthi moja tu ya kile kilichopigiwa hesabu, makusanyo yanashuka hadi shilingi milioni moja na robo. Humo atoke muuza maji wa kila kilula, mlinzi wa mtambo, na dizeli. Kinachobaki hakimwajiri fundi sanifu wala mhasibu, na siku pampu ya kisima kirefu itakapoungua, kijiji kitahitaji mamilioni kwa siku moja.

Tatizo la pili la hesabu linazungumzwa mara chache. Tuseme skimu moja inapata hitilafu kubwa mara moja kila miaka mitatu. Fundi anayetegemea kijiji hicho atakaa miaka mitatu bila kazi, na itakapokuja atakuwa amekwenda kuendesha bodaboda. Mwenye duka hatanunua spea ya kukaa rafuni miaka mitatu. Mtunza hazina atakuwa ameshawishika kukopesha fedha ya mfuko, au uchaguzi wa serikali ya kijiji utakuwa umembadilisha, na mrithi wake hajui hata akaunti iko benki gani.

Chukua skimu 150 zenye tabia hiyohiyo. Zitapata hitilafu kubwa 50 kwa mwaka, karibu moja kila wiki. Fundi ana ajira ya kudumu na mkono wake unazoea. Duka lina mteja. Kila kijiji kikitoa kidogo kila mwezi, mfuko unakuwa na fedha siku yoyote utakayogongwa. Msiba ulioweza kuua kijiji kimoja unakuwa gharama ya kawaida ya chombo kikubwa. Hii ndiyo hesabu ya bima, na ndiyo ya chama cha kuzikana mitaani kwetu: hakuna anayengoja kufiwa ndipo atafute ndugu wa kuchanga naye.

Kinachoharibika, na kisichoonekana kimeharibika

Skimu za vijijini hazifanani, na msaada unaozihusu haufanani. Skimu ya mserereko, kama zile za nyanda za juu kusini na miteremko ya Kilimanjaro, haina gharama ya nishati. Adui yake ni mvua kubwa inayojaza mchanga kwenye banio, mkulima anayelima hadi kwenye chanzo, na mtu anayetoboa bomba shambani kwake. Mtu wa kufagia banio kila wiki, akilipwa kwa wakati, anaweza kuiweka hai kwa miongo. Kisima kirefu cha pampu ya umeme kinataka mtu anayejua kusoma kina cha maji na mkondo wa umeme kabla mota haijaungua.

Paneli za sola zimepunguza mzigo wa dizeli, uliokuwa ukiua skimu nyingi. Jua halitumi ankara, na tangi lililojaa mchana linafanya kazi ya betri. Lakini sola imehamisha tatizo, haikuliondoa. Fundi wa kijiji aliyeweza kufungua injini ya dizeli na kuifunga hawezi kufanya chochote na kisanduku cha kudhibiti umeme wa sola kilichoungua kwa radi. Fedha ndogo ya kila siku imepungua, na gharama kubwa ya ghafla imekua. Kadiri teknolojia inavyokuwa nzuri, ndivyo kijiji kinavyomhitaji zaidi mtu wa nje. Waliodhani sola itakifanya kijiji kijitegemee walipiga hesabu ya dizeli, wakasahau ya ujuzi.

Halafu kuna ubora, ambao haupigi kelele. Koki iliyokauka kila mtu anaiona. Maji yenye vijidudu yanatoka meupe na baridi. Kutia klorini kunahitaji dawa isiyokwisha, kipimo, na mtu wa kuandika matokeo, na katika skimu ndogo hilo ndilo la kwanza kuachwa fedha ikipungua. Katika mikoa ya Arusha, Kilimanjaro, Manyara na Singida tatizo ni floraidi itokayo kwenye miamba ya volkano, inayochafua meno kwa rangi ya kahawia na, ikizidi sana, kupinda mifupa. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi ilikuwa na kiwango cha muda cha vijijini cha miligramu 8, kwa kuwa vinginevyo vijiji vingi visingekuwa na chanzo halali. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto mkoani Arusha kimeonyesha kwamba mifupa ya ng'ombe iliyochomwa inaweza kunasa floraidi. Ila mkaa huo wa mifupa huchoka na hubidi ubadilishwe, na maji yanayotoka kwenye chujio lililochoka yana ladha ileile. Anayejua kwamba limechoka ni mwenye kipimo, naye hatoki kijijini.

Mgeni njoo, mwenyeji apone

Methali hii ya ukarimu inaueleza vizuri mfano wa msaada ambao Marekani imeutumia kwa miongo kadhaa. Nchi ile ina mifumo ya umma ya maji zaidi ya 140,000, na zaidi ya asilimia 90 kati yake inahudumia watu wasiozidi 10,000. Hata kwa utajiri wao, mji mdogo wa wakulima hauwezi kumwajiri mhandisi. Chama chao cha kitaifa cha maji vijijini, kwa fedha za serikali kuu, kina mafundi wa mzunguko: mtu mwenye gari na vifaa, anayezunguka kati ya miji midogo, kutafuta bomba linalovuja, kumfundisha mwendeshaji kupima klorini, kumsaidia karani kupanga bei. Hamiliki mtambo wala hakusanyi ankara. Anarudi tu. Ikiwa taifa lile halijawahi kuona kwamba mfumo mdogo utasimama peke yake, sisi tulilipata wapi wazo kwamba wetu utasimama baada ya semina ya siku tano?

Uganda imekwenda mbali zaidi kati ya majirani. Ilianza na vyama vya kikanda vilivyoitwa Umbrella, yaani mwavuli, ambavyo skimu za miji midogo na vituo vya biashara vijijini zilijiunga navyo na kupata ufundi, vipimo vya maji na ukaguzi wa hesabu. Chama cha kusini magharibi, chenye makao Kabale, ndicho kilichotangulia mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwavuli ulitoa ushauri, lakini bodi ya mji ikikataa ushauri, mwavuli haukuwa na la kufanya. Mwaka 2017 serikali ikavigeuza kuwa mamlaka kamili: vyombo sita vya kikanda vinavyoendesha skimu vyenyewe, vinakusanya malipo na kuhamisha fundi kutoka mji hadi mji. Ndiyo ile hesabu ya skimu 150, imepewa ofisi.

Kenya ilichukua njia nyingine. Katiba ya mwaka 2010 iliyapa mamlaka ya kaunti huduma za maji, na Sheria ya Maji ya 2016 ikazitaka kaunti zitafute namna ya kuhudumia maeneo ya vijijini yasiyolipa kibiashara. Kule Kyuso, Kaunti ya Kitui, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliweka vifaa vidogo ndani ya mikono ya pampu, vinavyotuma ujumbe wa simu kueleza pampu inatumika kiasi gani. Ikinyamaza, fundi anaondoka. Muda wa wastani wa pampu kukaa imekufa ulishuka kutoka siku 27 hadi chini ya siku tatu. Kutokana na jaribio hilo ikazaliwa huduma ya FundiFix, Kitui na Kwale: jamii inalipa ada ndogo ya kila mwezi kwa simu, kampuni ya wenyeji inaahidi kutengeneza ndani ya siku chache, na mfuko wa amana unafidia pengo kati ya ada na gharama.

Pengo hilo ndilo somo la kweli la Kenya. Hata fundi akiwa hodari, simu ikiwa ya kisasa na wananchi wakiwa tayari kulipa, ada haikutosha. Watu walilipa kwa furaha zaidi walipoona pampu inatengenezwa haraka, ila furaha haikufika gharama kamili. Anayesema maji vijijini yajilipie yenyewe mia kwa mia anapaswa kueleza kwa nini barabara ya changarawe inayofika kijiji hichohicho haijilipii, na hakuna anayeilaumu.

Vyombo vikubwa, umbali mpya

Tanzania imeanza kuelekea upande wa ukubwa. RUWASA imekuwa ikiunganisha vyombo vidogo vya vijiji ili CBWSO moja ibebe vijiji kadhaa, na kusisitiza viajiri mhasibu na fundi badala ya kutegemea wanakamati wa kujitolea. Nauona ni mwelekeo sahihi, wenye hatari tatu.

Ya kwanza ni wivu wa vijiji. Kijiji cha mserereko, chenye maji rahisi, kikiunganishwa na kijiji cha pampu, kitauliza kwa nini fedha yake inunue mafuta ya jirani. Swali ni la haki, wala halijibiwi kwa amri. Linajibiwa kwa daftari lililo wazi ubaoni kila mwezi: tumekusanya hiki, tumetumia hiki, pampu ya kwenu itakapoharibika fungu ni hili. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika maji, imani ya watu hutangulia kupotea, kisha mali ikafuata.

Ya pili ni umbali wa mwananchi na anayelalamikiwa. Kamati ya zamani ilikuwa na udhaifu wake, lakini mwenyekiti wake alikutwa kilabuni jioni, akaulizwa. Chombo cha vijiji kumi kina ofisi, na ofisi hufungwa saa tisa na nusu. Wanawake, ambao sera ilitaka wawe sehemu kubwa ya kamati kwa sababu ndoo iko kichwani mwao, wanaweza kujikuta nje ya vyombo vipya vinavyotaka vyeti. Chombo kikikua, kila kilula kibaki na watu wake wawili watatu wenye sauti kwenye mkutano mkuu. Vinginevyo tutakuwa tumepata ufundi na kuupoteza mdomo.

Ya tatu ni mgongano wa kazi. RUWASA inajenga miradi, inavisaidia vyombo vya jamii, na inavisimamia. Mjenzi anapojikagua, makosa ya ujenzi hugeuka kuwa makosa ya uendeshaji: kisima kilichochimbwa mahali pabovu kitaandikwa kwamba jamii ilishindwa kukitunza. Mijini mamlaka za maji husimamiwa na mdhibiti wa huduma za nishati na maji, EWURA, ambayo haijengi. Vijijini nako kunahitajika jicho ambalo halikushika jembe.

Dira za malipo ya kabla, ambazo wengi wanaziita LUKU ya maji, zimeleta faraja kwenye eneo moja: fedha haipiti tena mkononi mwa mtu. Ndoo inalipiwa kwa kadi au simu, na makusanyo huonekana yalivyo. Lakini dira inahitaji umeme, mtandao na fundi wake, na bibi aliyepoteza kadi anarudi mtoni. Dira inatatua uaminifu, haiongezi wingi wa ndoo. Ikiwekwa kwenye skimu isiyo na mlezi, itakuwa kifaa kingine cha kuharibika.

Na fedha ya ziada itoke wapi? Mfuko wa Taifa wa Maji unapata shilingi 50 katika kila lita ya petroli na dizeli inayouzwa nchini. Mwendesha bodaboda wa Kariakoo anachangia kilula cha Kilwa bila kujua. Sehemu kubwa ya fedha ya maji vijijini, ya ndani na ya wafadhili, huelekezwa kwenye ujenzi, kwa sababu ujenzi una jiwe, na lengo la kitaifa la asilimia 85 ya wananchi wa vijijini ifikapo 2025 lilihesabiwa kwa waliofikiwa. Sehemu ndogo iliyotengwa kisheria kwa ajili ya kufidia uendeshaji wa vyombo vya vijijini, kwa masharti ya daftari na maji yaliyopimwa, ingelinda miradi mingi iliyokwisha kulipiwa.

Maji yaingiapo, majitaka hutoka

Nusu ya pili ya swali inasahaulika hata na wanaotetea nusu ya kwanza. Kati ya lita 25 za mtu kwa siku, nyingi zinarudi ardhini zikiwa chafu. Kilula chenyewe ni mfano mdogo: maji yanayomwagika yasipoelekezwa kwenye mfereji, shimo lenye mawe au mgomba, yanakuwa tope, mbu na ng'ombe miguuni mwa wachotaji. Kijiji cha ndoo hutosheka na choo cha shimo. Kikigeuka senta yenye gesti, baa, zahanati na nyumba zenye bomba ndani, choo cha kuvuta kinafuata, na shimo linajaa kwa miezi badala ya miaka.

Tanzania ina historia ya kujivunia kuhusu choo. Mwaka 1973 kampeni ya redio ya Mtu ni Afya iliwakusanya karibu watu wazima milioni mbili kwenye vikundi vya kusikiliza na kujadili, na vyoo vingi vikachimbwa kutokana nayo. Kampeni ya Nyumba ni Choo imeendeleza moyo huo. Lakini kampeni zinajua kuchimba, hazijui kunyonya. Choo kinapojaa kijijini, huchimbwa kingine, na hilo linafaa palipo na nafasi. Kwenye senta iliyobanana hakuna nafasi. Gari la kunyonya linatoka mjini kwa bei isiyomudika, au halitoki kabisa, na mvua kubwa inakuwa fursa ya kukitapisha choo mtaroni. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 na kusambaa mikoani ulitukumbusha kwamba kinyesi kina njia zake.

Kinachokwamisha ni mgawanyo wa kazi. Uhamasishaji wa vyoo uko upande wa afya na halmashauri; mabomba ya majitaka yako upande wa maji, na yanaishia mijini. Tope la choo cha senta halina mwenyewe. RUWASA ina maneno usafi wa mazingira ndani ya jina lake, na hapo ndipo pa kuanzia. Hesabu ileile ya ukubwa inatumika: senta moja haiwezi kununua gari la kunyonya, ila senta kumi na mbili za wilaya mbili zinaweza kulishirikisha moja, na eneo moja la kukaushia tope lenye tabaka za mchanga na kokoto, mbali na visima. Kwa shule za bweni na vituo vya afya, mabwawa ya matete, ambayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeyafanyia utafiti tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, husafisha majitaka bila umeme, ilimradi kuna mtu wa kuyapalilia. Na hata hapa, kila kitu kinaishia kwa mtu anayerudi.

Kupima nini

Kama msingi wa hoja hii ni kurudi, basi tupime kurudi. Takwimu ya waliofikiwa haisemi kama maji yametoka leo. Vipimo vinne vingetosha kwa wilaya: skimu zimetoa maji siku ngapi mwezi huu, kutoka kuharibika hadi kutengenezwa zimepita siku ngapi, sampuli ngapi za maji zimepimwa na ngapi zimefaulu, na vyoo vya umma vingapi vimenyonywa na tope likapelekwa wapi. Vipimo hivi havimpendezi mgeni rasmi, kwa sababu vinapanda na kushuka kila mwezi. Ndiyo maana vinafaa.

Kijiji kina haki ya kudai jambo moja kabla hakijakubali kukabidhiwa mradi: mkataba wa malezi usomwe hadharani siku ileile ya utepe. Usomwe nani atakuja, ndani ya siku ngapi, kwa ada gani, na nani atalipa pengo. Akikosekana wa kuusaini, wananchi watajua mapema kwamba wanakabidhiwa bomba bila huduma. Akipatikana, lile jiwe lina nafasi bado. Chini ya jina la mgeni rasmi, mchongaji aongeze mstari mmoja: namba ya simu ya fundi.